Disiki tano za sikukuu, na litre 20 za esanse

Tuseme ukweli sisi wenyewe, mbele watu wengine hawajausema kwa ubaya. Ndiyo, sendika ilitoa litre 20 za esanse kusudi redio ipige miziki usiku muzima. Ilitoka mu michango ya wanamemba. Kuko wenye kuuliza ku mulango wa mungodi: « Franka yetu sasa inaenda ku miziki ya bazungu? » Ni ulizo la haki. Tunalijibu hapa, juu mu mkutano wakati ulikuwa mufupi na kelele ilikuwa mingi.

Mtangazaji wetu wa miziki ya zamani alitimiza miaka 60. Kila mutu mu Kolwezi mwenye redio anajua sauti yake, ile ya polepole sawa mutu anayeamuka usingizini. Hakutaka keki, hakutaka bia. Alitaka kitu kimoja tu: kupiga disiki tano anazozipenda kupita zote, kila moja tangu mwanzo mpaka mwisho, upande wa kwanza na upande wa pili, bila tangazo hata moja katikati. Mwenye redio alimujibu kama saa zisizo na tangazo hazilipe jenereta. Na umeme wa kartier ile, sote tunaujua. Njo alikuja kutupigia hodi.

Yeye ni mutoto wa kampi. Baba yake alikuwa fundi wa umeme ku mungodi, na alikuwa na kaka mukubwa Chingola, ng'ambo ya mupaka. Kila alipovuka Kasumbalesa kumusalimia, alirudi na kilo za sukari na disiki moja ndani ya nguo isipasuke. Miaka ile mishahara ilikaa bila kutoka, disiki ziliuzwa moja-moja pamoja na mashini yake ya kuzipigia. Kwa hiyo usiku ule, kati ya disiki tano, mbili tu zilikuwa disiki za kweli. Zingine zilitoka ku kle USB. Alisema hivyo wazi ku antena, hakutaka kudanganya mutu.

Ya kwanza ilikuwa Machine Head ya Deep Purple, Waingereza, mwaka wa 1972. Hatutakawia hapo. Ni ile yenye wimbo wa moshi juu ya maji, ambao kila mutoto anayeshika gitaa anauanza na hauishe. Moshi ule ulikuwa moshi kweli: kazino ya Montreux, Uswisi, iliungua mu Desemba 1971 wakati Frank Zappa alikuwa anapiga humo, nao wakakosa nafasi ya kurekodi. Wakaenda kurekodi mu hoteli isiyokuwa na wageni.

Ya pili njo ilitushika. Black Sabbath, disiki yao ya kwanza, iliyotoka tarehe 13 Februari 1970. Karibu yote waliirekodi mu siku moja tu. Wanne hawa walikuwa vijana wa Birmingham, muji wa viwanda vya chuma. Ozzy Osbourne, mwimbaji, alikuwa amefanya kazi ya kuchinja nyama. Na Tony Iommi, mwenye gitaa, alikuwa anachomelea chuma mu kiwanda.

Sikilizeni vizuri, ndugu zetu, juu hii si hadisi ya miziki peke yake. Iommi alikuwa na miaka 17 na siku ile ilikuwa yake ya mwisho ku kazi, alikuwa amepata nafasi ya kusafiri na kundi la miziki. Saa sita alirudi nyumbani kula, akataka asirudi tena. Mama yake akamuambia amalize siku yake sawa mutu mwenye heshima. Kule kiwandani, mwenye mashini ya kukata na kukunja chuma hakuja. Wakamuweka Iommi ku mashini ile, asiyoijua, bila kumufundisha. Ikamukata ncha za vidole viwili vya mukono wa kuume. Yeye ni mutu wa kushoto, kwa hiyo mukono ule njo wa kukamata nyuzi.

Nani kati yetu hajaona jambo hili? Mwenzako hayuko, kapita anasema « wewe simama pale », unasimama. Ukikataa, kesho kazi hakuna.

Mukubwa wake wa kiwanda alimuletea disiki ya Django Reinhardt, yule muzaliwa wa Ubelgiji ambaye moto uliharibu vidole vyake viwili na bado akawa bingwa wa gitaa. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akatengeneza vikofia vya vidole, akavifunika na ngozi ya koti. Akatafuta nyuzi nyepesi. Kiisha, mu disiki iliyotoka 1971, akazilegeza zaidi zisimuumize, na sauti ikashuka chini, ikawa nzito sawa lori la minerai likipanda kilima. Vijana wa dunia nzima wakaiiga sauti ile. Kundi lilipiga mara ya mwisho tarehe 5 Julai 2025, kule kwao Birmingham, na siku kidogo nyuma, tarehe 22 Julai, Ozzy akafa.

Mtangazaji alieleza mambo haya wakati wa kugeuza upande wa disiki. Simu ikalia. Mwanaume mumoja, hakutaja jina. Sauti yake tuliitambua mbele hajasema neno la tatu, juu faili yake iko mu biro yetu zaidi ya mwaka. Hakumupongeza mtangazaji kwa sikukuu. Aliuliza tu:

« Na ule muzungu, balimulipaka ngapi juu ya bidole yake? »

Kicheko kidogo kilisikika, kiisha kimya. Mtangazaji akasema: « Kaka, ulizo lako ni kubwa kupita hii disiki. » Akaweka upande wa pili.

Kutoka hapo alivuka mupaka, na sauti yake ikabadilika, mutu anasikia kama sasa amefika kwao. Disiki tatu za Zambia, za vijana wa miaka ya 70, miziki ambayo leo inaitwa Zamrock. Zambia ilikuwa imechukua asilimia 51 ya migodi yake mwaka wa 1970, sisi kwetu serikali ilikuwa imetangulia mwaka wa 1967. Mukuba ulikuwa na bei. Pesa ya mukuba njo ilileta magitaa ya umeme Kitwe na Chingola. Rais Kaunda naye aliamuru redio ipige miziki ya Zambia asilimia 95.

Alipiga Lazy Bones!! ya WITCH na Africa ya Amanaz, zote mbili za 1975. Jina WITCH ni herufi za maneno ya Kiingereza, maana yake kama wamekusudia kuleta vurugu. Gitaa imechafuliwa sauti kwa makusudi, inaguna sawa mashini ya kutoboa mwamba. Amanaz ni ya polepole zaidi, na sisi kwa upande wetu tuliipenda kupita zote, ni nzuri usiku watoto wakilala. Ya mwisho ilikuwa ya Ngozi Family, ya Paul Ngozi, aliyekuwa anapiga gitaa hata na meno. Huyu alikufa 1989.

Wakati disiki hizo zinatoka, bei ya mukuba ilikuwa imekwisha kuanguka. Mafuta yalipanda bei, vita vilikuwa ku mipaka, franka ikakauka Zambia sawa ilivyokauka kwetu. Makundi yakavunjika. Wengi wakafa, ukimwi ukabeba wengine. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kumufuata Mick Jagger, akawa mwalimu, na nyuma akaenda kuchimba mawe ya thamani. Mwimbaji mashuhuri, koleo mukononi! Ilipita karibu miaka makumi mine mbele bazungu hawajatoa tena disiki zake Ulaya na Marekani. Sasa anazunguka dunia akiimba, na mwaka wa 2023 alitoa mpya inayoitwa Zango. Wenzake wa kundi la mwanzo hawako tena.

Mtangazaji alimaliza saa saba ya usiku. Alishukuru baba yake, akashukuru sendika kwa esanse (njo hapo siri yetu ilitoka), akafunga.

Siku ya kazi ya kwanza ya juma, mwenye kupiga simu alikuja ku biro. Alikuja na bibi yake. Mashini ya kuponda mawe ilimukata vidole viwili vya mukono wa kushoto. Mwenye kazi ni kampuni ndogo inayokodisha watu kwa zile kubwa. Jina hatuliandike, juu mambo yako mbele ya inspecteri wa kazi. Walimupa dola 200 na karatasi ya kutia sahihi. Hakuna mutu aliyetangaza accident ku CNSS, na kutangaza ni deni la mwenye kazi. Mara tatu tulimuomba alete karatasi ya hospitali, mara tatu alisema imepotea.

Haikupotea. Mama aliitoa mu mufuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. « Alikuwa anaificha, » alisema. « Hata ku misa mukono unakaa mu mufuko wa suruali. » Bwana aliangalia chini. Kiisha akauliza tena ulizo lake la usiku ule, na tukamuambia tuanze kwanza na vidole vyake yeye.

Tuliandika barua siku ileile. Imepokelewa, tampo iko juu, kopi iko kwetu. Inspecteri ameita pande zote mbili.

Na juu ya litre 20: jenereta ilikunywa 17. Tatu zilizobaki ziko ku biro, mu bidoni ya manjano nyuma ya mulango. Mwanamemba yeyote anayetaka kuhakikisha aje na chombo cha kupimia.