Unahama daftari kwenda kwenye programu? Usihame kwa siku moja

Naona wengi tunahama: daftari kwenda Excel, Excel kwenda programu ya mauzo ya kwenye simu. Ni jambo zuri. Ila kabla hujahama, cheki kilichoipata TSB, benki ya Uingereza.

TSB ilikuwa bado inatumia mfumo wa kompyuta wa mmiliki wake wa zamani, Lloyds. Iliponunuliwa na Sabadell ya Hispania, ikaandaa mfumo wake mpya. Aprili 2018 ikahamisha wateja zaidi ya milioni 5, karibu wote kwa mpigo, wikiendi moja tu. Taarifa zilifika salama, lakini mfumo mpya ukaleta hitilafu palepale. Watu wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao, matawi yote yakaathirika, na mambo hayakutulia mpaka Desemba. Mwaka 2022 ikapigwa faini ya zaidi ya pauni milioni 48.

Kuhama hakukuwa kosa. Shida ni kuhama kwa mkupuo kabla mfumo haujajaribiwa vya kutosha. Sisi wadogo hatupigwi faini, ila tunapoteza oda na madeni. Kwa hiyo mimi nashauri hivi:

1. Anza na kipande kimoja. Ingiza bidhaa na stoki kwanza, vingine baadaye.

2. Kwa wiki mbili andika kote kuwili. Kila jioni linganisha jumla ya daftari na ya programu. Zikitofautiana, usisonge mbele mpaka ujue kwa nini.

3. Madeni yahamishe mwisho: jina, namba, kiasi, tarehe. Piga picha kila ukurasa kwanza. Deni usiloweza kulionyesha ni gumu kulidai.

4. Usihame msimu wa Idi au Krismasi, wala siku mzigo unaingia.

5. Kabla hujalipia programu, jaribu kupakua orodha yako ya wateja. Ikigataa kutoka, achana nayo. Siku moja na hiyo itazeeka, na utataka kuhama tena.

Daftari la zamani usilitupe. Liweke kabatini angalau mwaka mzima, maana mteja wa mwaka jana anaweza kurudi na swali.

Wewe unaandika wapi mauzo yako sasa hivi?