Nani Alipe Udongo Ukibomoka?

Mvua za mwisho wa 2023 zilituonyesha sisi wa Wajir nguvu ya maji. Hapa Hadado hatuna milima ya kuporomoka, lakini kingo za silanga hubomoka, na swali huwa lile lile: nani alipe?

Huko California, Marekani, sheria ya 1979 iliruhusu kuundwa chombo maalum cha kuzuia maporomoko. Watu wa Abalone Cove waliunda chao 1981. Kila mwenye ploti hutozwa fungu lake, na pesa hizo huendesha visima vya kunyonya maji ardhini, maana maji ndiyo hulegeza udongo.

Je, yafaa kwetu? Kaunti inaruhusiwa kutoza kodi ya ploti na majengo (Katiba, kifungu cha 209). Lakini malisho yetu ni ardhi ya jamii, bili atapelekewa nani? Tena kifungu cha 210 kinasema hakuna kodi bila sheria. Basi mtu akija na daftari akisema kila boma litoe mbuzi mmoja, serikali imeamua, mwulizeni ni sheria gani, na risiti iko wapi. Mchango wa hiari ni kitu kingine: huo tunaupanga wenyewe kikundini, na unaandikwa.