Nembo za Bibi na Mafundi wa London

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wenzangu kazini hawalijui, kwa kuwa huvaa nguo za mikono mirefu hata jua liwe kali namna gani. Mimi ni mpenda tojo, au tatuu kama wasemavyo vijana. Ninayo manne mwilini, na hili la nne ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Najua kuwa baadhi ya wasomaji wameshakunja uso. Hapa kwetu mtu mwenye mchoro mwilini hudhaniwa kuwa mhuni, au mtu aliyewahi kulala korokoroni. Na akiwa mwanamke aliyezaa, kama mimi, hudhaniwa mengine yasiyofaa kuandikwa gazetini. Sina nia ya kulumbana na dhana hizo leo. Nataka kuzungumza juu ya mafundi, maana tojo ni kazi ya mkono, na kazi ya mkono haiwezi kuhukumiwa kwa haki ikiwa aliyeifanya hatajwi.

Tojo langu la kwanza nilichorwa jijini Nairobi nilipokuwa na umri wa miaka 22, katika chumba cha nyuma cha duka la kinyozi. Fundi hakunawa mikono. Sindano hakuitoa katika pakiti, nami kwa ujinga wa ujana nikaona haya kuuliza. Bega lilivimba wiki tatu nzima, na kipepeo niliyemlipia akageuka kovu lililofura, mfano wa kiwavi. Tangu siku hiyo mtu akinionyesha tojo lake sitazami picha kwanza. Humwuliza ni nani aliyelichora.

Majuzi nilitumwa London kwa shughuli za kikazi za siku tano. Kazi ilikwisha Ijumaa alasiri na ndege yangu ilikuwa ya Jumapili usiku. Wenzangu walikwenda madukani kutafuta makoti na viatu. Mimi nilikuwa na kikaratasi mkobani chenye anwani nne, na picha moja kuukuu ya bibi yangu, mzaa mama.

Anwani ya kwanza ilikuwa nambari 76, Jermyn Street, barabara ya maduka ya mashati ya waungwana. Hapo ndipo alipofanyia kazi Sutherland Macdonald mwishoni mwa karne ya 19, katika jengo lililokuwa na hamamu ya Kituruki. Mabwana wakubwa walikuja kuoga na kukandwa, kisha wakapita kwake kuchorwa. Husimuliwa kwamba mwaka 1894 kitabu cha anwani za wafanyabiashara wa mji huo kililazimika kuanzisha kifungu kipya kwa ajili yake, na kwamba kwa miaka kadhaa jina lake lilikaa humo peke yake. Mwaka huohuo alijipatia hataza ya mashine yake ya umeme. Mmarekani Samuel O'Reilly alikuwa amemtangulia kwa mashine yake ya mwaka 1891, iliyotokana na kalamu ya umeme ya Edison, chombo kilichobuniwa kutoboa karatasi ili zitolewe nakala. Ama kwa hakika mambo ya dunia yana mizunguko: kifaa cha makarani kikawa sindano ya kuchoma ngozi za makabaila.

Na makabaila kweli walichomwa. Mfalme George wa Tano, angali mwanamfalme na baharia kijana, alichorwa joka mkononi huko Japani mwaka 1881. Babake, Edward wa Saba, alichorwa msalaba alipozuru Yerusalemu mwaka 1862. Nilipokuwa nimesimama pale nikitazama mashati madirishani, niliwakumbuka walimu wangu wa shule ya msingi waliotufunza kuwa chale ni ushenzi uliokomeshwa na Wazungu. Jengo la hamamu halipo tena. Liliangushwa na bomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Nikavuka mto kwa miguu hadi Waterloo Road, alikofanyia kazi George Burchett, mzaliwa wa mwaka 1872 aliyefariki mwaka 1953. Huyu alifukuzwa shuleni akiwa na umri wa miaka 12 kwa kosa la kuwachora wanafunzi wenzake, akaingia katika jeshi la wanamaji, akarudi na ufundi, na mwisho akaitwa mfalme wa wachoraji. Ndiye aliyemchora milia mieusi kama punda milia, tangu utosini hadi miguuni, mtu mmoja aliyewahi kuwa afisa wa jeshi na ambaye baadaye aliishi kwa kujionyesha katika sarakasi kwa jina la The Great Omi. Burchett ninamstahi kwa mkono wake, lakini simpendi sana. Kulikuwa na tangazo la biashara katika kila alilotenda. Wa Uingereza ninayempenda ni Jessie Knight, aliyefunzwa kazi hii na babake na kuifanya kwa miongo kadhaa katika miji ya askari na mabaharia, Chatham, Aldershot na Barry, wakati ambapo karibu mafundi wote walikuwa wanaume. Mwaka 1955 alishika nafasi ya pili katika mashindano ya kumtafuta bingwa wa Uingereza. Waliokuwa wakiketi mbele yake walikuwa wanaume watupu wenye misuli, naye ameshika sindano. Ningelipa nauli nimwone.

Anwani ya tatu ilinirudisha ng'ambo ya mto, kwenye Makumbusho ya Uingereza, ambako kuingia ni bure. Nilipanda moja kwa moja hadi chumba nambari 64, cha Misri ya kale. Ndani ya sanduku la kioo amelala kijana mmoja ubavuni, magoti yamekunjwa, mikono imeletwa karibu na uso. Alikufa akiwa na umri wa kati ya miaka 18 na 21, kwa kuchomwa kisu mgongoni, na mchanga mkavu wa Gebelein, kusini mwa Luxor, ukamhifadhi bila dawa wala sanda za wafalme. Amekuwa London tangu mwaka 1900. Kwa zaidi ya karne nzima watu walipita mbele yake wakaona doa jeusi kwenye mkono wake wa juu, wasilitie maanani. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba walipompiga picha kwa mionzi isiyoonekana kwa macho, doa lile liligeuka kuwa wanyama wawili: fahali wa mwituni mwenye mkia mrefu, na kondoo dume wa porini mwenye pembe zilizopinda. Wamechorwa chini ya ngozi, kwa masizi kama inavyodhaniwa. Wana umri wa zaidi ya miaka 5,000. Hakuna picha za viumbe zilizochorwa ndani ya ngozi ya binadamu zinazojulikana kuwa za kale kuliko hizo.

Mwafrika huyo alikuwa uchi katikati ya kundi la watoto wa shule waliokuwa wakicheka, na sitaki kujifanya kwamba nilifurahi tu. Nilifurahi na nikaona haya kwa pamoja. Lakini niliinama nikautafuta mkono wake hadi nikaliona lile doa, nikajiuliza swali langu la siku zote. Ni nani aliyekuchora, ndugu yangu? Kibao kilinieleza alikotoka, alivyokufa na jinsi alivyohifadhika. Kuhusu fundi hakikuwa na neno, wala sioni vipi kingekuwa nalo.

Hapo nikaitoa picha ya bibi.

Bibi yangu alikuwa Mmakonde. Wazazi wake walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya pwani yetu, naye akaishi Kwale hadi alipofariki mwaka 2009. Usoni alikuwa na nembo. Msomaji, neno hilo tumelipa kampuni na mashirika, lakini Wamakonde husema dinembo kwa maana ya alama zilizochanjwa mwilini. Zake zilikuwa safu za mistari yenye ncha, moja juu ya nyingine, mashavuni na kwenye paji la uso. Ngozi ilichanjwa kwa kijisu kidogo, kisha ikasuguliwa kwa unga mweusi wa mbarika zilizochomwa, na jeraha likarudiwa mara ya pili na hata ya tatu ili weusi ukolee. Aliyefanya kazi hiyo waliita mpundi. Naam, ni fundi yuleyule wa Kiswahili.

Alama hizo zilimweleza kila Mmakonde mwenzake yeye ni nani. Zilimweleza pia karani wa serikali. Alipokwenda ofisini kuomba kitambulisho, aliulizwa kwao ni wapi kabla hajatia neno, kwa sababu uso ulikuwa umeshajibu. Alizika watoto wawili katika udongo wa Kwale, akalima, akalipa alichotakiwa kulipa, lakini hakuwahi kupiga kura wala kufungua akaunti ya benki. Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 Wamakonde walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mama alipata kitambulisho chake akiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Bibi hakufika siku hiyo. Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyechanjwa. Yeye mwenyewe alikataa, akisema inatosha.

Sasa ndiyo maana ya anwani ya nne. Kusini mwa mto Thames kuna fundi mwanamke, mzaliwa wa jamaa iliyotoka visiwa vya Karibi, ambaye huchora ngozi nyeusi kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Mafundi wengi hujifunza juu ya ngozi nyeupe, kisha hutukandamizia sindano kwa nguvu wakidhani wino hautaonekana. Yeye alinieleza kwa upole kama mwalimu wa chekechea. Weusi wetu hukaa katika tabaka la juu la ngozi, na wino hukaa chini yake. Hivyo mtu hutazama tojo letu kama atazamavyo kitu kupitia kioo cha rangi ya chai. Manjano na waridi huzama. Nyeusi husimama, mradi mistari iachiane nafasi. Isitoshe, ngozi zetu ni nyepesi kuota makovu yaliyofura, kwa hivyo mkono mwepesi ni bora kuliko mkono hodari. Alilitazama bega langu la Nairobi, akatikisa kichwa, wala hakusema kitu. Nilimshukuru kwa hilo.

Nilikuwa nimempelekea arubuni ya pauni 50 na nakala ya picha mwezi mmoja kabla. Jumapili asubuhi alifungua sindano mbele ya macho yangu, akavaa glavu mpya, akaniuliza tarehe ya kuzaliwa ingawa nina mvi. Sheria ya huko ya mwaka 1969 inakataza kumchora mtu asiyetimiza miaka 18, na alikuwa na mazoea ya kumwuliza kila anayeketi. Kisha akafungua daftari kubwa. Kila mchoro alioiga kwa fundi mwingine huuandika humo, na mbele yake huandika jina la aliyeubuni.

"Hii ni kazi ya nani?" akauliza.

Nikamwambia ni ya Wamakonde.

"Wamakonde ni watu wengi. Nani aliyeshika kisu?"

Msomaji, mimi ninayewauliza watu wote swali hilo, sikuwa nimewahi kumwuliza bibi yangu. Niliishi naye miaka 20. Nilijua duka la Macdonald lilikuwa mtaa gani, na mwaka ambao Jessie Knight alishika nafasi ya pili. Juu ya uso uliokuwa ukiniamsha kwenda shule sikujua lolote. Fundi aliliacha pengo wazi katika daftari, akaniambia nimwandikie nikipata jina, akaanza kazi.

Alinichora safu tatu za bibi kwenye mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Ilichukua saa mbili na nusu. Maumivu ni kama ya kukwaruzwa palipounguzwa na jua. Yanavumilika, ila karibu na mfupa mtu hukumbuka dhambi zake. Wataalamu wa Ufaransa walieleza mwaka 2018 kwamba wino hubaki kwa sababu chembe za ulinzi za mwili huumeza zikidhani ni adui, na zikifa, nyingine huja kuumeza upya, hivyo hivyo maisha yote. Niliyawaza hayo ndani ya ndege, mkono ukinichoma chini ya karatasi ya plastiki.

Ngozi ilipokwisha kubambuka nilikwenda Kwale. Nilikuwa na hofu, kwa sababu mama ndiye aliyeishi na adha ya alama zile kuliko mimi. Nilikunja mkono wa nguo bila maelezo. Alivaa miwani, akaushika mkono wangu, akapitisha kidole gumba juu ya mistari kama mtu asomaye.

"Ni laini," akasema. "Za Mama zilikuwa zimeinuka. Usiku, taa ikizimwa, nilikuwa nikizihesabu kwa vidole."

Akakaa kimya. Kisha akasema kwamba ncha za safu ya mwisho kwa kweli zilitazama juu. Katika picha bibi alikuwa ameinamisha kichwa, kwa hivyo fundi alidanganyika. Kosa hilo sasa ni langu hadi kaburini.

Nikamwuliza ni nani aliyemchanja bibi.

"Shangazi yake. Alikuwa akiwachanja wasichana wote wa pale. Mama alisema mkono wake ulikuwa mwepesi, hata hakulia mpaka siku ya pili."

"Jina lake nani?"

Mama alifikiri muda mrefu, macho yakiwa juu ya mkono wangu. "Hakuwahi kulitaja, mwanangu. Alisema Shangazi tu."

Jioni ile nilimwandikia fundi wa London ajaze lile pengo hivyo hivyo.