Pikipiki Nayo Hupumua

  Leo nimeshika kalamu nikueleze jambo ambalo sisi tuliolelewa Lokiriama, Lorugum na hata Lodwar tunalipanda kila siku bila kulijua. Jambo hilo ni pumzi ya pikipiki. Huenda ukacheka ukisema, "Huyu naye, kwani pikipiki ina mapafu?" Cheka tu, lakini nisome mpaka mwisho, kwa maana somo hili mimi nililipata nikiwa nimempakata mdogo wangu mgonjwa katikati ya mchanga.

Kwa wasiopajua kwetu, Lokiriama iko magharibi mwa Lodwar, karibu na mpaka wa Uganda. Ndipo Waturkana na Wamatheniko walipofanya mkataba wao wa amani mwaka 1973, silaha zikazikwa ardhini. Ukiinua macho upande wa machweo unauona Mlima Moroto. Kwetu pikipiki ndiyo matatu, ndiyo lori la unga, na siku nyingine ndiyo gari la wagonjwa. Petroli tunauziwa kwa chupa, na bei yake si mchezo. Ndiyo sababu waendeshaji wengi hutafuta kila njia ya kuipunguzia pikipiki kiu.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao. Kuna fundi wa kando ya barabara aliyemwambia, "Mzee, nipe dakika kumi tu, hii pikipiki itakunywa nusu." Akamwekea jeti ndogo ndani ya kabureta na kukaza skrubu. Eya klina nayo ilikuwa imejaa vumbi, basi akaitoa sponji yake akaitupa, eti ipate hewa vizuri. Mjomba akafurahi kweli. Wiki mbili nzima alitusimulia jinsi chupa moja ilivyomfikisha mbali.

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Nilikuwa nyumbani likizo ya Agosti 2023 mdogo wangu wa miaka sita aliposhikwa na homa kali. Muuguzi akatwambia apelekwe hospitali ya rufaa Lodwar siku hiyo hiyo. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hivyo ikawa Mjomba mbele, mimi nyuma, na mgonjwa katikati yetu amefungwa kwa leso.

Mwanzoni tulikwenda vizuri. Tulipofika kwenye laga moja pana, yaani mkondo wa mto mkavu, mchanga ukawa mwingi na gurudumu likaanza kuzama. Mjomba akaweka gia ya kwanza akavuta mafuta mpaka mwisho. Injini ikalia, lakini mwendo wetu ulikuwa kama wa mtu anayetembea. Kabureta ikaanza kupiga pa! pa!, kisha nikasikia mlio wa ting-ting-ting kama mtu anayegonga sufuria kwa kijiko. Nguvu ikaisha, pikipiki ikazima. Mjomba akapiga kiki, kiki ikakataa kushuka. Bwana we! Nilimtazama mdogo wangu, midomo imemkauka, nikahisi machozi yananijia.

Tulikaa chini ya mgunga tukigawana maji ya dumu moja. Baada ya muda mrefu akatokea kijana mwenye pikipiki iliyozeeka kuliko yetu, amebeba magunia ya mkaa. Hakuuliza maswali mengi. Aliyashusha magunia, akamwachia Mjomba ayalinde, akatupakia mimi na mgonjwa mpaka Lodwar. Ilikuwa malaria. Alitibiwa, na baada ya siku tatu tukatoka naye. Leo anaruka kamba kama mbuzi. Lakini mimi swali lilinibaki kooni: mbona pikipiki kuukuu ilivuka laga na ile nzuri ikashindwa?

Pikipiki ilipofikishwa Lodwar, fundi mmoja mzee aliifungua mbele yetu. Plagi ilikuwa nyeupe kama chaki. Pistoni ilikuwa na michubuko mirefu. Ndani ya njia ya hewa mlikuwa na mchanga laini kama unga. Mzee akanigeukia.

"Kijana, wewe ndiwe msomi hapa. Moto unataka nini?"

Nikajibu kama darasani, "Unataka kitu cha kuungua, hewa, na joto la kuuwasha."

"Haya. Na ukipunguza kitu cha kuungua, hewa ukaiongeza?"

Nikanyamaza. Kumbe Kemia yangu ilikuwa ya mtihani tu!

Sasa ndugu msomaji, nikueleze alivyonieleza. Injini hailishwi petroli peke yake. Ili petroli iungue yote, kila kilo moja yake huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Zingatia kwamba nimesema kilo, sikusema lita. Ni uzito wa hewa unaohesabiwa. Kabureta ndiyo mpishi wa mchanganyiko huo. Hewa inapopita kwenye koo lake jembamba huongeza kasi na msukumo wake hupungua, basi petroli husukumwa juu kupitia tundu dogo liitwalo jeti. Walimu wa Fizikia watakwambia hiyo ni kanuni ya Bernoulli.

Kabureta hiyo ina milango mitatu ya petroli. Unapoanza tu kuvuta mafuta, kazi inafanywa na jeti ndogo pamoja na ile skrubu ya nje. Ukivuta kati na kati, kazi inafanywa na sindano inayopanda na kushuka. Ukivuta mpaka mwisho, kama Mjomba kwenye laga, jeti kubwa ndiyo inayotawala. Basi fundi wa kando ya barabara alipoweka jeti kubwa yenye tundu finyu, barabara ya kawaida haikulalamika, kwa sababu Mjomba hakuwa akivuta mpaka mwisho. Mchanga ndio uliofichua siri.

Utauliza, petroli ikipungua, joto linatoka wapi? Petroli iliyozidi kidogo tu huipoza injini wakati inafanya kazi ngumu. Ikipungua mno, joto hupanda na mchanganyiko huanza kulipuka ovyo kabla ya wakati wake. Hapo ndipo ule mlio wa ting-ting hutoka. Pikipiki zetu nyingi hupozwa na upepo wa safari. Ndani ya mchanga injini inafanya kazi ya punda lakini upepo haupo. Pistoni huvimba kwa joto na kukwama ndani ya silinda. Na ile eya klina tupu ilifanya mabaya mawili: iliongeza hewa, na ikaukaribisha mchanga uje kusaga ringi na silinda.

Hapo msomaji mwerevu atanipinga. Atasema, "Lakini Turkana ni joto, na hewa ya joto ni nyepesi. Si basi tupunguze petroli?" Swali zuri sana! Ni kweli hewa ya nyuzi 40 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 15 kwa takriban asilimia 8. Tena ukitoka Lodwar, mji ulio karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari, ukapanda hadi Moroto karibu mita 1,400, msukumo wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 10. Ndiyo maana pikipiki nyingine zikipanda huko huwa nzito na kutoa moshi mweusi. Lakini hayo ni marekebisho madogo ya fundi anayepima. Kukata petroli kwa kubahatisha ni sawa na kumpunguzia mtoto uji kwa sababu unga umepanda bei.

Jambo hili lilinielea zaidi Desemba mwaka huo huo. Msafiri mmoja alipita kwetu akielekea Moroto na pikipiki ndefu ya kupandia milima, isiyo na kabureta bali injekta. Watoto wakaizunguka. Mimi nikawa mkalimani. Akatuonyesha picha ya pikipiki kama hiyo kwao Kanada. Bwana, haikuwa na magurudumu! Mbele ilikuwa na ubao mpana wa kuteleza, nyuma ilikuwa na mkanda mrefu wa mpira kama wa tingatinga, na chini yake theluji tupu. Mjomba akaniuliza kwa mshangao, "Hiyo nayo inakwama?" Msafiri akasema inakwama sana, kwa sababu theluji laini ni kama mchanga: haitoi mahali pa kukanyaga, na injini hukazana muda wote.

Tofauti ni hewa. Usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 chini ya sufuri ina uzito wa karibu kilo 1.40. Hewa ya nyuzi 40, kama ya mchana wa Lodwar, ni karibu kilo 1.13. Yaani hewa ya kule kwenye theluji inazidi kwa karibu robo! Injini inayoipumua hudai petroli zaidi. Pikipiki ya kabureta iliyopangwa vizuri Lodwar ingepelekwa huko jinsi ilivyo, ingeweza kuunguza pistoni katikati ya barafu. Ajabu, sivyo?

Pikipiki ya injekta ina vipimo vya joto la hewa, msukumo wa hewa, na kiasi ulichovuta mafuta. Kompyuta yake ndogo huamua injekta ifunguke kwa muda gani, na muda huo ni sehemu za elfu za sekunde. Kwa hivyo yenyewe hujirekebisha ukipanda mlima au ukiingia baridini. Lakini nayo haijui kila kitu. Ukibadilisha eya klina au ekzosi, hewa inayoingia hailingani tena na hesabu iliyoandikwa kiwandani, na lazima fundi airekebishe hesabu hiyo kwa kompyuta. Huko India, kanuni mpya za moshi zilipoanza Aprili 2020, pikipiki nyingi mpya za nchi hiyo ziliacha kabureta zikachukua injekta. Kwetu kabureta bado ni nyingi, kwa hivyo masikio na macho yetu ndiyo kompyuta.

Basi, haya ndiyo mzee wa Lodwar aliyonifundisha. Nimeyaandika ili ndugu zangu mnaoendesha wakati wa likizo mfaidike.

Kwanza, safisha kabla ya kukaza chochote. Eya klina ya sponji ifue kwa maji ya sabuni, ikauke kabisa, uipake oili kidogo ili inase vumbi. Ile ya karatasi haifuliwi. Ikungʼute, na ikichoka nunua nyingine. Kwetu kwenye vumbi, itazame kila wiki.

Pili, ijue skrubu yako. Katika kabureta nyingi, skrubu iliyo upande wa eya klina hutawala hewa, na ukiikaza petroli inazidi. Iliyo upande wa injini hutawala petroli, na ukiikaza petroli inapungua. Watu wengi huharibu hapa.

Tatu, isome plagi. Endesha kwa nguvu mahali unapoendesha kila siku, si mbele ya duka. Zima injini huku umeshika klachi, ngoja ipoe, kisha fungua plagi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, mchanganyiko ni sawa. Ikiwa nyeupe, petroli ni chache. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli imezidi au eya klina imeziba.

Nne, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, ukiandike, ujaribu tena. Jeti ya awali usiitupe. Wala usikaribie petroli na sigara.

Tano, kwenye mchanga punguza upepo wa magurudumu kidogo, ingia kwa gia ndogo, usisimame katikati. Ukisikia ting-ting, achilia mafuta mara moja, toka pembeni, ipumzishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mjomba aliujenga ukuta huo. Alibadilisha pistoni na ringi, silinda ikachongwa, na gharama yote ilimla mbuzi watatu. Petroli aliyookoa kwa wiki mbili haingenunua hata mguu wa mbuzi mmoja. Siku hizi nikirudi nyumbani huniita, "Mpwa wangu, njoo uisome plagi." Naisoma, namwambia ni chai ya maziwa, naye hucheka.

Yule kijana wa mkaa nilimtafuta likizo iliyofuata nikamuuliza siri ya pikipiki yake kuukuu. Akanijibu, "Siri gani? Mimi huiachia chakula chake, na kila Jumapili naifua pua." Hakuwahi kukaa darasani kama mimi, lakini somo langu alikuwa amelijua zamani. Namshukuru kwa magunia yake aliyoyaacha chini ya mti.

Ndugu msomaji, kalamu naiweka chini. Ukimwona mtu anakuja na bisibisi akikuahidi nusu ya petroli, muulize kwanza: hewa yake umeipima?