Unalala mpakani na friji? Betri ya kuwashia lori haitakufikisha asubuhi

Foleni ya malori ikikwama Malaba, Mutukula au Rusumo, kabini hugeuka nyumba. Humo mna taa, feni, simu za dereva na utingo, na siku hizi friji ndogo ya volti 12 yenye maziwa au insulini ya mwenye mzigo. Vyote vikinyonya betri ya kuwashia injini usiku kucha, asubuhi foleni inasogea na lori haliwaki. Aliye nyuma yako hatakungoja.

Betri hiyo haina kosa. Ina mabamba mengi membamba ya risasi, kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ikikaushwa mara kadhaa, imekwisha. Ya kuendeshea friji ni ile ambayo madukani huitwa betri ya sola: mabamba yake ni mazito, hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Soma ubavuni. Inayojisifia CCA ni ya kuwashia. Ya sola huonyesha Ah pamoja na saa: Ah 100 kwa saa 20 ni ampea 5 kwa saa 20. Iinue pia. Betri ya risasi ya Ah 100 huwa na kilo 25 hadi 30. Ukiibeba kwa mkono mmoja kama kikapu cha nyanya, lebo inakudanganya.

Fanya hesabu kabla ya kulipa. Friji inayovuta ampea 4, ikifanya kazi nusu ya muda, hula Ah 48 kwa saa 24. Betri ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo Ah 100 ni siku moja tu, na taa hujazihesabu. Ya lithiamu huruhusu asilimia 80 na uzito wake ni kama nusu, ila bei yake iko juu na inataka chaja yake.

Kwenye kuchaji ndiko pesa nyingi hupotelea. Betri nyingi haziuawi na kazi, zinauawa na kutojazwa. Asilimia 80 za kwanza huingia upesi. Zilizobaki huchukua saa kadhaa, hata injini ingungurume vipi. Kwa hiyo mwendo wa saa moja kutoka mpakani hadi sokoni hauijazi. Ikikaa nusu wiki baada ya wiki, mabamba hushika ukoko wa salfati usiotoka. Chaja nzuri huipandisha hadi volti 14.4 hivi, huishikilia hapo, kisha hushuka 13.5 hivi. Ya jeli hutaka pungufu kidogo, basi mwambie fundi aina uliyonunua. Paneli ya wati 100 ikipata saa 5 za jua kali hurudisha Ah 30 hivi. Friji yetu ilikula 48, kwa hiyo paneli moja haitoshi. Pima kwa mita betri ikiwa imepumzika: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, zima friji.

Jihadhari na fundi mwenye haraka. Malori mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizoungwa mfululizo, naye hufunga friji kwenye moja tu. Hiyo itakauka, mwenzake atapikwa na chaji. Dai chaja inayopokea volti 24 za lori na kuijaza betri ya pili ya volti 12, ili friji isiguse kabisa zile za kuwashia.

Betri ya maji isikae chini ya kitanda, kwani ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Iongezee maji safi ya betri baada ya kuchaji, si asidi wala maji ya bomba.

Ikifa, usiivushe mpaka kufuata bei ya upande wa pili. Betri chakavu za risasi ni taka hatari chini ya Mkataba wa Basel, na kuzivusha kunahitaji idhini ya nchi zote mbili. Iuze ulipo, kwa mnunuzi mwenye leseni.