Makundi ya WhatsApp vyuoni yahitaji kanuni

Serikali ilipofunga shule na vyuo Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa Covid-19, wahadhiri wengi nchini walijikuta hawana ukumbi wala ubao. Wengi hawakuwa wameizoea mifumo rasmi ya masomo ya mtandaoni, hivyo wakakimbilia chombo kilichokuwa tayari mikononi mwa wanafunzi, yaani WhatsApp. Vyuo vilifunguliwa baadaye, lakini mazoea hayo hayakukoma. Hivi leo ni nadra kupata darasa la chuo kikuu lisilokuwa na kundi lake.

Yapo ya kusifu. Ujumbe wa maandishi au wa sauti hula data kidogo mno ukilinganishwa na mhadhara wa video. Isitoshe, mwanafunzi anayeona haya kunyanyua mkono ukumbini huandika swali lake pasi na woga. Katika somo la lahaja za Kiswahili faida yake ni dhahiri zaidi. Mwanafunzi wa Lamu akituma, kwa idhini, sauti ya nyanyake akisema ‘yana’ pahala pa ‘jana’, wenziwe wa bara huisikia lahaja ya Kiamu ikitoka kinywani mwa mwenyewe. Vitabu haviwezi kuwapa hilo.

Hata hivyo, kizuri hakikosi ila. Kundi limegeuzwa kuwa ofisi ya idara bila mtu yeyote kuamua liwe hivyo. Tarehe ya jaribio hutangazwa huko saa nne za usiku, na huko tu. Yule ambaye bando lake limekwisha, au simu yake imeibwa, huamka asubuhi asijue kwamba wenzake wamo chumbani wanaandika. Je, ni haki mtu alipe karo, kisha nafasi yake ya kufanya jaribio itegemee salio la simu?

Lipo jingine zito. Kwa kawaida, anayejiunga na kundi la WhatsApp nambari yake huonekana na wanakundi wote. Mwanafunzi wa kike katika darasa la watu 200 anaweza kuanza kupokea salamu za usiku asizozitaka, kutoka kwa watu asiowajua, naye hathubutu kujiondoa kwa kuwa atakosa masomo. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2019. Chuo kinachomlazimisha mwanafunzi kuanika nambari yake ili asome hakina budi kujiuliza kama kinaiheshimu.

Sipendekezi makundi haya yapigwe marufuku. Marufuku hayatafuatwa, na mijadala mizuri itapotea bure. Vyuo viweke mipaka. Tarehe za mitihani, alama na kazi za kusahihishwa ziwe katika mfumo rasmi wa chuo na kwenye ubao wa matangazo. Kundi likumbushe tu. Kujiunga kuwe kwa hiari, na asiyejiunga asipoteze alama yoyote. Mhadhiri naye awemo kundini kwa saa zinazojulikana, badala ya kumgeuza kiranja wa darasa kuwa karani wake.

Nchi iliyoanzisha Chuo Kikuu Huria cha Kenya mwaka 2023 ili kifundishe kwa njia ya mtandao haifai kuliacha jambo hili liongozwe na mazoea. Kanuni hizi zatosha ukurasa mmoja. Seneti za vyuo vyetu na ziuandike kabla ya muhula ujao kuanza.