Je, Wajua? Manu Dibango na Saksofoni Yake

Je, wajua kuwa mpiga saksofoni Manu Dibango wa Douala, Kameruni, alipanda meli kwenda kusoma Ufaransa mwaka 1949 akiwa na kilo 3 za kahawa? Alikuwa na miaka 15, na kahawa hiyo ndiyo iliyokuwa karo ya muhula wake wa kwanza! Mkulima wa kahawa wa Kamango, piga hesabu: gunia lako moja la kilo 60 lingewatosha vijana 20.

Je, wajua kuwa saksofoni, kwa shaba yake yote ile, huhesabiwa katika ukoo wa filimbi za mti? Sauti huanzia kwenye kijipande chembamba cha tete pale mdomoni. Kichomoe, uone kama itaimba! Aliyeibuni ni Mbelgiji, Adolphe Sax, akapata hataza yake mwaka 1846.

Je, wajua kuwa Manu alionjeshwa rumba na Mkongo mwenzetu? Joseph Kabasele, yule Grand Kallé aliyetuimbia uhuru mwaka 1960, alimkuta Brussels akamwingiza katika bendi yake, African Jazz. Mwaka 1961 Manu akatua Léopoldville, Kinshasa ya leo, akakaa hadi 1963. Na si saksofoni tu: piano nayo aliipiga!

Je, wajua kuwa wimbo uliompa jina duniani uliwekwa upande wa pili wa santuri? Upande wa kwanza ulikuwa wimbo wa Kombe la Afrika la 1972, lililochezwa Kameruni. Kombe likaenda Congo-Brazzaville, na ule wa nyuma, Soul Makossa, ukaenda Marekani! Mwaka 1973 ukashika nafasi ya 35 kwenye chati ya Billboard.

Umemsikia Michael Jackson? Kibwagizo cha Soul Makossa kimo ndani ya albamu yake ya Thriller ya 1982. Rihanna naye akakitumia mwaka 2007!

Je, wajua kuwa mwaka 1985 Manu aliwakusanya wasanii wa Afrika wakarekodi wimbo kuwachangia wenye njaa Ethiopia? Mwaka 2004 UNESCO ikamteua kuwa Msanii wa Amani.

Korona ilimchukua Machi 24, 2020, akiwa na miaka 86. Lakini sikia hili: mwaka 2019 bado alikuwa jukwaani Paris, akipuliza mbele ya okestra nzima ya simfoni. Wewe unayejiita mzee ukiwa na miaka 50, hebu simama!